Sare ya Shatura

Njia ya kwenda Shatura sitawaeleza. Aliyeipita hana hamu ya kuikumbuka, na asiyeipita haimhusu. Itoshe kwamba Mashavu, mshona magodoro, mwanamke wa maneno machache na mkono mzito, alifika huko asubuhi moja akiwa na vumbi mpaka kwenye kope, akauliza alipo ndugu yake.

Ndugu mwenyewe aliitwa Shaweji, mdogo wake wa tumbo moja, aliyetoka nyumbani miaka mingi nyuma kwenda kuuza vitana, asirudi. Mama yao, Bi Mize, macho yake yalikuwa yameshazima. Alikuwa ameapa kwamba hafi mpaka akishike kichwa cha mwanawe, na majirani walimwamini, kwa kuwa Bi Mize si mtu wa kusema jambo kisha akaligeuka. Lakini mwezi ule alianza kuaga. Alikwenda nyumba kwa nyumba akipapasa kuta, akiomba radhi kwa makosa ambayo watu walikwisha kuyasahau, na mengine yalikuwa makosa yao wao. Mashavu alipoona hivyo, aliliacha godoro la watu limefumuliwa sakafuni, akajifunga kanga kiunoni, akaondoka.

Basi, Shatura. Nchi hiyo ina pande mbili: watu wa Chokaa, wanaopaka nyumba zao nyeupe, na watu wa Makaa, wanaopaka nyeusi. Katikati pana mfereji, na mfereji una lango, na lango lina kufuli, na kufuli lina ufunguo mmoja. Zamani sana pande hizi zilitaka kupigana kwa sababu ya ufunguo huo. Wenye busara wakasema, damu ya nini jamani, na tucheze sataranji; atakayeshinda ashike ufunguo. Likapitishwa. Tangu hapo kila mwaka hufanyika shindano, na kete za mchezo huo ni watu wazima wenye roho zao, waliosimama juu ya ubao mkubwa kama uwanja wa mpira. Na kila mwaka mchezo huisha sare. Mfereji umeota majani. Vyura wenyewe wamehama. Watoto wa Shatura wakisimuliwa kwamba maji yanaweza kupita mbele ya nyumba ya mtu, hucheka mpaka wakajishika mbavu.

Msidhani lakini kwamba ni sare za kusinzia. Thubutu! Watu wa Shatura wana kitu wanachokipenda kuliko chakula, nacho ni Mwanzo wa Moto. Sheria yao inaamuru kila mchezo uanze kwa ukali. Mchezaji asiyezitoa kete zake ziliwe mapema huitwa mwoga, na binti zake hawaposwi. Kwa hiyo hutupa askari wawili watatu wa mbele, hutupa farasi, hutupa na tembo. Ngoma zinalia, kina mama wanapiga vigelegele, wanaume wanarusha kofia. Moto ukishapoa, watu hukunja mikeka yao wakaenda kula. Nani atakaa juani kutazama mwisho, na mwisho unajulikana?

Ukiwaambia watu hawa kwamba wapiganapo tembo wawili ziumiazo ni nyasi, hutikisa vichwa kwa heshima, kisha hukukumbusha kwamba nyasi hazijawahi kuleta malalamiko kwa njia rasmi.

"Shaweji?" alisema mlinzi wa uwanja. "Yule muuza vitana? Aliliwa."

Mashavu akamsogelea. "Aliliwa na nini?"

"Na farasi."

"Toka lini farasi akala mtu?"

"Farasi wa Makaa, bibie. Usiogope, yupo, mzima kabisa. Nenda pale kwenye kamba."

Ilivyokuwa ni hivi. Shaweji alifika Shatura na vitana vyake siku ya shindano, na askari mmoja wa Chokaa siku hiyo alikuwa anaumwa jino. Wakamwomba asimame mahali pake kidogo tu. Shaweji, kwa tabia yake ya kutoweza kusema hapana, akasimama. Akaitwa mbele hatua moja, akaenda. Akaitwa tena, akaenda. Farasi wa Makaa akaruka akatua juu yake, ngoma zikalia, na Shaweji akatolewa ubaoni akapelekwa Kando. Huko ndiko wanakokaa wote walioliwa, wakisubiri mchezo uliowala uamuliwe.

Kando ni kiwanja kilichozungushiwa kamba. Kamba yenyewe haipiti magoti ya mtu mzima. Ndani yake Mashavu aliona kijiji kamili: majiko, kamba za nguo, madarasa mawili, wajawazito, mzee mmoja aliyeliwa akiwa kijana wa kunyoa ndevu za kwanza. Na vyama vilikuwapo, maana binadamu hata ukimfungia kwenye kibuyu atachagua mwenyekiti. Palikuwa na Chama cha Walioliwa Mapema na Chama cha Walioliwa kwa Heshima, na wanachama wa hivi viwili hawachoteani hata moto. Shaweji alikuwa katibu wa Walioliwa Mapema. Mashavu alimkuta amesimama wima, mikono ubavuni, mvi zimeanza kumtoka masikioni.

"Dada!" akasema, na machozi yakamtoka palepale, lakini hakusogea.

"Shaweji, mdogo wangu. Ruka kamba hiyo twende nyumbani. Mama anaaga watu."

"Siwezi, dada. Mchezo wangu haujaamuliwa."

"Nani atakukamata ukitoka?"

Shaweji akafikiri. Ilionekana hajawahi kuulizwa. "Hakuna," akasema. "Ila aliyeliwa hajitoi mwenyewe. Haijapata kutokea."

Mashavu akamshika mkono akavuta. Ndugu zangu, yule mwanamke ana nguvu ya kugeuza godoro la watu wawili peke yake, lakini siku ile alivuta mpaka kucha zikamuuma na Shaweji hakuchomoka, si kwa ubishi, bali kwa kuwa mwili wake ulikuwa umesahau. Alikuwa akilia na kuomba radhi huku ameganda. Mwenyekiti wa chama chake akaja akasema mambo kama hayo yapitie kwa katibu. Mashavu akamwambia katibu ndiye huyu ninayemvuta. Mwenyekiti akasema basi yajadiliwe.

Mashavu akaenda moja kwa moja kwa Mwamuzi Mkuu, bwana mmoja mnene, mpole, aitwaye Tendegu, aliyekuwa akinywa kahawa chini ya mwavuli wa rangi nusu nyeupe nusu nyeusi.

"Bwana mwamuzi, nimemfuata ndugu yangu."

"Karibu sana, bibie. Ndugu yako tunamheshimu. Aliliwa vizuri, watu mpaka leo wanalitaja jambo hilo."

"Namtaka."

"Ni haki yako. Mshindi akipatikana, yeye ndiye mwenye idhini ya kuwafungua walioliwa, wa kwake na wa mwenzake. Siku hiyohiyo, bila kuchelewa."

"Na ikiwa sare?"

"Sare haina mshindi, bibie," akasema Tendegu taratibu, kama anayemweleza mtoto kwa nini kuku hana meno. "Sasa pasipo mshindi, idhini aitoe nani?"

"Wewe."

"Mimi? Mimi ni mwamuzi. Mwamuzi haamui, huangalia tu kama imeamuliwa."

Mashavu alitamani kuwa na ile sindano yake ndefu ya magodoro. Akameza hasira, akauliza kama hakuna njia nyingine, na Tendegu akafurahi, kwani alikuwa mtu anayependa kusaidia pale msaada usipohitaji kitu. Ipo, akasema, Haki ya Kusimama: jamaa wa aliyeliwa anaweza kusimama ubaoni katika shindano, akashuhudia kwa macho yake jinsi mambo yanavyokwenda kwa haki. Shindano lenyewe lilikuwa kesho yake. Na kwa kweli, akaongeza kwa sauti ya chini, walikuwa na upungufu wa askari, maana siku hizi asubuhi ya shindano nusu ya mji huumwa jino.

Wakampanga Mashavu upande wa Chokaa, askari wa pembeni kabisa. Aliyekuwa jirani yake, mama mmoja aliyejikalia na ukindu mapajani, akamwambia mahali pale pana raha, hapatokei kitu, yeye mwaka jana alimaliza mkeka mzima.

Wachezaji wakaingia. Wa Chokaa alikuwa Bwana Nyange, mrefu, kanzu nyeupe. Wa Makaa alikuwa Bwana Masizi, mfupi, joho jeusi. Walitazamana kwa chuki iliyofanya watu wasisimke. Mashavu naye alisisimka, mpaka yule mama wa ukindu alipomweleza kwamba Nyange amemwoa dada yake Masizi, na kwamba sinia la pilau lililofunikwa chini ya meza yao ni la wote wawili.

Pembeni mwa meza hiyo, juu ya kigoda kirefu, alikaa mtaalamu aitwaye Bingwa Fafanua, ameshika bomba la bati la kukuzia sauti. Kazi yake ilikuwa kuwaeleza watu walichokiona.

"Askari wa mfalme, mbele!" akaita Nyange. Ngoma zikalia. Kinyozi mmoja mwembamba akapiga hatua. Masizi naye akamwita wake. Nyange akamsukuma askari mwingine, mbele kabisa ya meno ya adui, bila mlinzi, bila sababu ambayo Mashavu aliweza kuiona. Akaliwa. Uwanja ukalipuka kwa shangwe. Akasukumwa wa pili, akaliwa. Kisha Nyange akanyanyua kidole juu, akanyamaza ili watu wapate kuzimia vizuri, akamtoa farasi. Farasi alikuwa mwalimu wa hesabu, na mitihani ya shule ilikuwa karibu. Aliruka mara moja, akaliwa, akapelekwa Kando huku akigeuka nyuma kutazama, mkononi bado ana chaki.

"Fidia ipo!" akanguruma Bingwa Fafanua. "Chokaa wametoa farasi, lakini fidia ipo!"

"Iko wapi?" akapaza sauti Mashavu.

Watu wakageuka. Haikuwa kawaida ya kete kuuliza.

"Imo katika hali ya ubao," akajibu Fafanua bila kukasirika.

"Mke wa mwalimu ataipika?"

"Fidia haipikwi, bibie. Huhisiwa."

Masizi hakukubali kupitwa. Akatoa tembo. Akatoa ngome. Mfalme wake, mzee wa watu mwenye baridi yabisi, akakimbizwa kutoka nyumbani kwake mpaka katikati ya ubao, viatu vikimvuka, na watu wakasema hawajaona Mwanzo wa Moto kama huu tangu babu zao. Kina mama walilia kwa furaha. Mwanamume mmoja alijirusha kutoka juu ya ukuta akavunjika mkono akaendelea kupiga makofi kwa mkono uliobaki na paja. Halafu moto ukapoa. Watu wakajipangusa, wakakunja mikeka, wakaondoka wakisifu. Jua likawa kali. Waliobaki ni wachezaji, mwamuzi, mtaalamu, kete chache zilizosalia, na Kando nzima iliyojipanga kwenye kamba kimya, pamoja na wageni wake wapya.

Hapo ndipo Mashavu alipouelewa mwisho wa Shatura. Wale mabwana wawili waliokuwa wakitoana macho sasa walikaa wakichezacheza. Masizi alimpeleka malkia wake kulia, halafu kushoto. Nyange alimpeleka mfalme kushoto, halafu kulia. Pilau ilikuwa bado haijapoa vya kutosha. Lakini si adabu kurudiarudia hatua ileile mbele ya mwamuzi, kwa hiyo Nyange alitafuta hatua za kupotezea zamu, na macho yake yakaangukia pembeni.

"Askari wa pembeni, mbele," akasema akipiga miayo.

Mashavu akaenda hatua moja. Masizi akamrudisha malkia wake kulia.

"Askari wa pembeni, mbele."

Akaenda tena. Hakuna aliyemzuia. Waliokuwa na kazi ya kumzuia walikuwa wamekwisha kuliwa wote katika ule Mwanzo wa Moto. Akaitwa tena na tena, huku Nyange akiuliza kama pilau ina zabibu, na Mashavu akawa anatembea juani peke yake, mbele yake njia nyeupe tupu, mpaka ikabaki hatua moja ya mwisho. Masizi akamrudisha malkia wake kwa mazoea, kisha akashtuka. Alikuwa ameona. Sasa Fafanua naye akaona, bomba likamponyoka. Nyange alikuwa wa mwisho kuona, na alipoona, jasho lilimtoka kama amemwagiwa maji.

Kila mtoto wa Shatura anaijua sheria hiyo, huiimba akiruka kamba: askari akifika mstari wa mwisho huwa malkia, na malkia huenda mstari mnyoofu, mbali atakavyo, na humchukua atakayemkuta mwisho wa mstari. Huiimba tu. Hakuna aliyepata kuiona, kwa kuwa wakati huo wa mchezo mabwana huwa wameshaosha mikono.

"Shemeji," akasema Nyange, "niwie radhi. Nimekaribia kushinda."

"Shemeji, nini tena hiki? Nimekukosea nini?"

"Wallahi si kusudi."

"Ukishinda utapewa ufunguo. Utafungua lango. Yasipotoka maji, utawaambia nini watu?"

"Na yakitoka je?" akasema Nyange, na hilo likamtisha zaidi.

"Na hawa?" Masizi akaashiria Kando kwa kidevu. "Utawafungua wote hawa? Watalala wapi? Watataka kueleza mambo!"

Wakatazamana kwa mapenzi. Nyange akainuka, Masizi akainuka, kila mmoja akanyoosha mkono juu ya meza. Maana huko mikono ikigusana tu, ni sare, na limekwisha. Meza ilikuwa pana na Masizi alikuwa mfupi. Ilimbidi apande kwenye kiti.

Mashavu aliiona ile mikono inavyotafutana. Aliwaona na wale wa Kando wanavyoitazama: hawakupiga kelele, hawakushangaa, mmoja alikuwa ameshaanza kuwasha jiko. Akamwona Shaweji wima pale kwenye kamba, macho yake juu yake. Alimfikiria mama yake akipapasa kuta za watu. Akavuta pumzi.

"Askari wa pembeni!" akajiita kwa sauti iliyofika mpaka nyumba za nyuma. "Mbele!"

Akapiga hatua, na palepale mikono ikagusana.

Mtu mmoja, aliyeajiriwa kwa kazi hiyo tu na hajapata kuifanya, alikuja mbio na taji la bati akamvisha. Alipojua alichokifanya akataka kulivua, lakini mikono ya Mashavu ilikuwa kiunoni na sura yake haikuwa ya kuvuliwa kitu.

"Haihesabiki!" akapiga kelele Masizi akiwa juu ya kiti. "Hajaitwa!"

"Ameitwa," akasema Tendegu kwa masikitiko. "Nimesikia mwenyewe. Sheria inasema askari huenda anapoitwa ikiwa ni zamu ya upande wake. Haisemi aitwe na nani."

"Lakini mikono iligusana kabla!"

"Iligusana baada!" akasema Fafanua, na mara ileile akajuta, kwani alikuwa ameajiriwa kusema lililo salama.

Je, mkono ulitangulia au mguu? Hilo ndilo likawa suala, na lilikuwa suala zuri, la kuweza kuwalisha watu miaka. Wakaanza kulijadili, na bila shaka wakaanza kwa ukali. Nyange akamtupia Masizi tuhuma, Masizi akamtupia Nyange tuhuma, karani mmoja akafukuzwa kazi papo hapo ili kuonyesha kwamba jambo linachukuliwa kwa uzito. Kelele zikawarudisha watu kutoka majumbani, midomo bado ina mafuta, wakiulizana kama kuna Mwanzo mwingine.

Mpaka watakapoamua, Mashavu alikuwa malkia. Naye hakungoja waamue. Aligeuza uso, akaukata ubao mshazari, akaelekea Kando.

Walioliwa wakamwona anakuja. Sasa hapa mngedhani wangekimbilia kujipanga kwenye mstari wake, kila mmoja achukuliwe yeye. Walikimbia kweli, lakini kuukimbia mstari. Waliruka majiko, walikumbatia watoto, Walioliwa kwa Heshima wakajificha nyuma ya Walioliwa Mapema kwa mara ya kwanza tangu vyama viundwe. Akabaki Shaweji peke yake mwisho wa mstari, kwa sababu hakuna aliyemwambia asogee.

Mashavu akasimama mbele ya kamba. Hakumvuta safari hii.

"Shaweji," akaita. "Mbele!"

Mguu wa Shaweji ukainuka wenyewe. Ukaipita kamba. Wa pili ukafuata. Akashangaa akiitazama miguu yake upande huu wa kamba kama mtu aliyeletewa mzigo usio wake.

Mwanamke mmoja, mtoto mgongoni, akajitokeza nyuma ya jiko. "Na sisi, malkia?" akauliza polepole.

Malkia huchukua mmoja. Mashavu aliijua sheria, na aliwaona walivyo wengi, na roho ilimuuma sana, isiwe mkasema nilificha. "Jiiteni!" akawaambia. "Mimi nimejiita, mmenisikia. Jiiteni wenyewe, mtoke!"

Wakatazamana. Midomo ya wengine ikaanza kufunguka. Mwalimu wa hesabu, ambaye hata kivuli chake kilikuwa hakijazoea kule ndani, alishika kamba kwa mikono miwili. Lakini mwenyekiti wa Walioliwa Mapema akasema hoja ni nzuri, ameipokea, na kwa kuwa katibu ametoka hivi punde, achaguliwe kwanza katibu wa kuiandika. Wakaanza kupendekeza majina.

Mashavu akageuka na ndugu yake, na kwa kuwa malkia huenda mstari mnyoofu, walikwenda mstari mnyoofu. Walipita katikati ya soko. Walipita jikoni kwa mke wa Tendegu, mlango wa mbele mpaka wa nyuma, naye akawakaribisha chai. Waliuvuka mfereji mkavu kwa mguu, karibu kabisa na lango, na Mashavu alisikia nyuma ya lango kitu kizito kikisukuma mbao, lakini hakuwa na ufunguo. Nyuma yao tarumbeta ilitangaza matokeo: sare. Bingwa Fafanua aliongeza kwamba ulikuwa mchezo wa kusisimua, mwanzo wake utafundishwa shuleni, na kwamba kete moja au mbili hazikuonekana wakati wa kukusanya vifaa.

Walipofika mpakani ndipo Mashavu alipojua ukubwa wa mzigo wake. Taji alikuwa ameshalitupa. Alitangulia, akadhani anafuatwa, akageuka akamwona Shaweji amesimama kule nyuma, mikono ubavuni.

"Njoo basi!"

Shaweji akapiga hatua moja, akasimama.

"Samahani, dada," akasema kwa aibu. "Nakusikiliza wewe."

Ikawa hivyo. Mbele, Shaweji. Mbele tena. Njia nzima, vijijini watu wakitoka kuwatazama, wengine wakimdhania Mashavu anafundisha jeshi la mtu mmoja. Alimwita kwenye matope, alimwita kwenye vilima, alimwita huku anakula, alimwita huku analia kwa uchovu na kumtukana, na baada ya kumtukana akamwomba radhi, na baada ya kumwomba radhi akamwita tena. Sauti yake ikaanza kukwaruza, ikawa nyembamba, ikawa pumzi. Hatua ya kuingia uani kwao aliiita kwa midomo tu, na Shaweji aliisoma midomo hiyo akaingia, akasimama karibu na pipa la maji.

Hapo sauti ilikatika kabisa.

Bi Mize alikuwa ameketi barazani, kanga amejitandia kichwani, mdogo kuliko Mashavu alivyomwacha. Akainua uso.

"Nani huyo?"

Mashavu akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Akapunga mikono, akamwonyesha Shaweji mama yao, akamsukuma mgongoni. Shaweji alimtazama dada yake midomoni akingoja, na midomo ilikuwa ikitetemeka tu, haisomeki.

"Nasema nani huyo?" Bi Mize akarudia, na safari hii sauti yake ilikuwa na woga. "Kama ni mtu wa kuagwa, nilishakuaga. Kama si mtu, ondoka hapa."

Shaweji akamtazama mama. Akatazama pipa, ardhi, miguu yake. Jasho likamtiririka mashavuni. Hakuna aliyemwita, na yule pale barazani alikuwa ameanza kujivuta ndani, akipapasa mlango ili aufunge.

"Mimi, mama," akasema Shaweji. "Ni Shaweji. Nimechelewa."

Bi Mize akatulia, mkono juu ya mlango. Kisha akavuta makamasi, akajipangusa kwa ncha ya kanga, akakunja uso kama alivyokuwa akiwakunjia wakiwa wadogo.

"Sasa umechelewa, halafu unasimama uani kama kigingi cha mbuzi? Njoo nikushike kichwa, mwanaharamu mkubwa wewe."

Shaweji akaenda. Alikwenda vibaya, miguu ikipishana, akajikwaa kwenye kinu, akaliangusha jiko, lakini alikwenda mwenyewe mpaka akafika.